Jumuiya yetu haina rabi: je, mtu mmoja ashike sala, fedha na maamuzi yote?

Katibu wa Nyanda za Juu

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Mimi ni katibu wa kamati katika jumuiya ndogo ya Kiyahudi iliyoko nyanda za juu za Kenya. Hatujawahi kuwa na rabi wa kudumu. Wageni hutujia mara mojamoja, hufundisha kwa siku chache wakaondoka, na baada ya hapo sala, masomo, sikukuu na mazishi hurudi mikononi mwetu. Mwenyekiti wetu ni mmoja wa waasisi, mzee anayeheshimika, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyebeba karibu kila kitu: huongoza sala Ijumaa jioni na Sabato asubuhi, huamua nani aitwe kwenye Torati, hupokea michango katika simu yake, huandikiana na wafadhili walioko ng'ambo, na panapozuka ugomvi baina ya nyumba mbili ndiye anayeketi kuusuluhisha.

Hakuna anayemtuhumu kwa lolote, na naomba hilo lisipotoshwe. Shida imejitokeza kwa namna nyingine. Vijana waliojifunza kusoma Kiebrania kwa njia ya intaneti wanaomba zamu ya kuongoza sala, nao huambiwa wasubiri bila kuambiwa wanasubiri nini. Mzee alipolazwa hospitalini muda mfupi kabla ya Pasaka, ilibainika kwamba hakuna mwingine aliyejua kuna fedha kiasi gani, wala nani ameahidiwa msaada wa sikukuu na nani hajaahidiwa. Katika kikao kilichofuata kamati iligawanyika. Upande mmoja unasema kwamba mahali pasipo na rabi mwenyekiti ndiye rabi, na kwa hiyo neno lake ni la mwisho. Upande wa pili unasema tusiguse jambo lolote hadi tutakapopata rabi aliyesomea kazi hiyo. Mimi sikubaliani na upande wowote, ila nakosa elimu ya kuwajibu. Desturi ya Kiyahudi yenyewe inasema nini juu ya uongozi wa walei, yaani watu wasio marabi, na jumuiya nyingine za eneo letu zimeishije bila rabi?

Gabai Msaidizi

Ndugu Katibu, pande zote mbili za kamati yenu zinaamini jambo moja lisilo sahihi, kwamba rabi ndiye mwenye sinagogi, na kwamba asipokuwepo ni lazima mtu mmoja akalie kiti chake au kiti kibaki wazi. Rabi si kuhani. Hana sakramenti anayoitoa, na hakuna sala ya siku, ya Sabato wala ya sikukuu inayobatilika kwa sababu yeye hayupo. Kinachohitajika ili Torati isomwe hadharani, na ili waliofiwa waseme kadishi, sala ya waombolezaji, ni watu wazima 10, ambao kwa Kiebrania huitwa minyani. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa na msemo kwamba marabi 9 hawafanyi minyani, lakini washona viatu 10 wanaifanya.

Mimi ninaishi Kanada, ambako nasaidia kazi ya gabai katika sinagogi lenye rabi wake, na hata hapa sehemu kubwa ya asubuhi ya Sabato hupita mikononi mwa watu wasiolipwa wala kusomea uongozi wa dini. Gabai ndiye anayegawa heshima ya kuitwa kwenye Torati. Sabato asubuhi huitwa watu 7, kisha mwingine wa kusoma sehemu ya manabii. Wa kwanza huwa wa ukoo wa makuhani na wa pili Mlawi, na mahali pasipo na watu wa koo hizo, kama ilivyo katika jumuiya nyingi za walioongoka, Mwisraeli yeyote, yaani Myahudi asiye wa koo hizo, huitwa badala yao. Msomaji ni mtu mwingine tena, naye anayo kazi ngumu, kwa maana gombo la Torati halina irabu wala alama za mahadhi, na kila kitu sharti kiwe kimehifadhiwa kichwani kabla ya kusimama mezani. Gabai husimama ubavuni mwake akifuatisha katika kitabu kilichochapwa chenye irabu, ili amsahihishe akikosea. Anayeongoza sala anaweza kuwa mtu wa tatu, na sala ya pili ya asubuhi hiyohiyo ikaongozwa na wa nne. Ibada yenyewe imepangwa kwa namna inayodai mikono mingi, na kwa hiyo vijana wenu hawaombi jambo geni.

Kuhusu sifa za anayeongoza sala, *Shulhan Arukh*, kitabu cha sheria alichokiandika Yosef Karo katika karne ya 16, kinataka awe mtu asiye na dhambi zinazojulikana, mwenye jina jema hata katika ujana wake, mnyenyekevu, anayekubalika kwa watu, mwenye sauti ya kupendeza na aliyezoea kusoma maandiko. Hakuna mahali panaposema awe mwenyekiti. Tena Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi wa kale, inafundisha adabu ninayoipenda sana: mtu akiombwa kuongoza sala, mara ya kwanza akatae kidogo, mara ya pili asitesite, na mara ya tatu anyanyuke aende. Anayekataa kupita kiasi hukosa adabu sawa na anayekimbilia, lakini maana iliyo wazi ni kwamba zamu hutolewa na watu, haimilikiwi.

Sasa nije kwa kiongozi wa mambo ya jumuiya, ambaye vitabu vya kale humwita parnasi. Kuna kauli mbili za Talmudi ambazo kamati yenu ingefaa izisome pamoja. Ya kwanza, iliyosemwa na Rabi Yitzhak, ni kwamba kiongozi hasimikwi juu ya watu kabla watu wenyewe hawajaulizwa. Anaitoa katika habari ya Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania: Mungu alimuuliza Musa kama Bezaleli anamfaa, Musa akajibu kwamba akimfaa Mungu basi yeye hana neno, naye akaambiwa hata hivyo aende akawaulize watu. Ya pili nikiisoma hucheka kila mara. Inasema kwamba parnasi asiwekwe juu ya watu isipokuwa kama nyuma yake linaning'inia kapu la wadudu watambaao, ili siku atakapojikweza aambiwe ageuke atazame nyuma. Walimu wale waliona afadhali kiongozi mwenye doa katika ukoo au historia yake kuliko yule asiye na chochote cha kumkumbusha kwamba yeye ni mtu.

Kuhusu fedha, Misna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, imeweka kanuni isiyohitaji ufafanuzi mwingi: sadaka ya jumuiya hukusanywa na watu 2 na kugawiwa na watu 3. Ni kweli kwamba Talmudi hairuhusu waweka hazina waaminifu kusumbuliwa kwa kudaiwa hesabu ya kila senti. Lakini Moshe Isserles wa Kraków, aliyeongeza maelezo katika kitabu cha Karo, anaandika kwamba ni vema watoe hesabu kwa hiari yao, wapate kuwa safi mbele ya Mungu na mbele ya Israeli, maneno yanayotoka katika Hesabu 32:22. Kwa hiyo mkiomba daftari la michango hamumshuku mzee wenu, mnamwomba afanye kilichosifiwa na sheria tangu zamani.

Mwalimu Mstaafu, Bungoma

Mwenzangu wa Kanada amejibu swali la desturi. Mimi nitajibu la eneo letu, kwa kuwa upande wa pili wa mpaka, karibu na Mbale, wapo Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Uganda, walioishi katika hali kama yenu kwa takriban miaka 90.

Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda, kisha akakosana nao walipokataa kumpa mamlaka aliyoyatarajia. Alijiunga na madhehebu ya Wamalaki, na katika kuisoma Biblia ya Kiganda alizidi kuvutwa na Torati, mpaka mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Hapakuwa na rabi, wala Myahudi wa kuzaliwa, aliyemfundisha hatua hiyo. Mwaka 1920 akafika mfanyabiashara Myahudi anayekumbukwa kwa jina la Yosef, akakaa nao kama miezi 6, akawafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja, kisha akaenda zake. Hayo ndiyo mafunzo waliyoyapata, na mengine walijisomea.

Kakungulu alifariki mwaka 1928, na hapo ndipo habari hii inapoigusa jumuiya yako, ndugu Katibu. Alikuwa ndiye mwasisi, mwenye ardhi, mfadhili na mwalimu, vyote kwa pamoja. Alipoondoka, baadhi ya watu walirudi kwenye Ukristo, na waliobaki, wakiongozwa na wazee kama Samson Mugombe, walilazimika kujifunza kuishi bila mtu mkubwa wa namna ile. Walisali kwa Kiganda, wakaimba zaburi kwa mahadhi yao, wakatahiri watoto wao na kushika Sabato katika vijiji vilivyotawanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa akisoma Makerere, aliwatembelea na kuandika habari zao, na ndipo wengine wa mbali walipoanza kuwafahamu.

Halafu akaja Idi Amin. Kuanzia mapema miaka ya 1970 hadi alipoondolewa mwaka 1979 ibada yao ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, na jumuiya iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 ikabaki na kama 300. Waliosalia walisali kwa siri majumbani. Hukumu yangu, nanyi mnaweza kuipinga, ni kwamba hao 300 hawakuokolewa na kiongozi yeyote. Waliokolewa na akina baba na akina mama waliokuwa wakijua sala za Ijumaa jioni kwa moyo bila kuongozwa na mtu. Elimu ingalikuwa kichwani mwa mzee mmoja, askari mmoja angetosha kuimaliza.

Katika miaka ya 1980 vijana ndio walioanza kuijenga upya kule mlima wa Nabugoye, na wazee hawakukosa kuwatilia shaka. Mwaka 2002 marabi wa Konsavativu, mmoja wa mikondo ya Uyahudi, walikwenda na kuwaongoa rasmi wengi wao. Gershom Sizomu, mmoja wa vijana wale, alipelekwa Los Angeles kusomea urabi, akapewa daraja mwaka 2008. Wakati wote alipokuwa masomoni sala za Nabugoye ziliendelea. Na mwaka 2016 alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Sasa wale wanaosema "tusubiri rabi" wajiulize: hata rabi akipatikana, naye ana safari zake, kazi zake na pengine kampeni zake. Jumuiya isiyoweza kusali bila mzee wenu leo haitaweza kusali bila rabi huyo kesho.

Niongeze upande usiopendeza. Wapo Abayudaya wa kijiji cha Putti waliochagua mkondo wa Kiothodoksi na hawakutaka kufuata njia ya Nabugoye. Walei wakiwa ndio waamuzi, mgawanyiko wa namna hiyo huja, na haufai kuchukuliwa kama uhaini.

Na kwa wanaodhani kwamba haya ni mambo ya vijijini tu, sinagogi la kwanza la Nairobi lilijengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na walowezi na wafanyabiashara, watu wa aina ya Abraham Block aliyekuja mwaka 1903 na baadaye akajulikana kwa hoteli zake. Israel Somen, aliyekuwa meya wa jiji kuanzia 1955 hadi 1957, alikuwa pia kiongozi wa jumuiya hiyo. Hakuwa rabi.

Wakili wa Mtaa wa Pili

Ninakubaliana na mengi yaliyosemwa, lakini naona wachangiaji wawili waliotangulia wamelipamba upande mmoja. Uongozi wa walei una mipaka, na jumuiya zisizo na rabi huumia zaidi pale ambapo mlei mwenye nia njema anaivuka bila kujua.

Kuongoka kunahitaji baraza la watu 3 wenye elimu, na mtu aliyeongolewa na mwenyekiti peke yake atakuja kuambiwa baadaye, pengine akiwa na watoto tayari, kwamba hajaongoka. Hati ya talaka, ambayo huitwa geti, huandikwa na mwandishi anayejua kanuni zake hadi herufi za majina, na hati mbovu humwacha mwanamke amefungwa kwenye ndoa ambayo kila jirani anaamini imekwisha. Kuchinja nako ni ujuzi unaofundishwa na kuthibitishwa. Kuwa mwanamume, kushika kisu kikali na kujua dua yake hakumfanyi mtu kuwa mchinjaji. Kwa upande mwingine, kalenda imekwisha kukokotolewa, masomo ya Torati ya mwaka yamepangwa katika sehemu 54, na mpangilio wa sala umo katika kitabu cha sala, hivyo mambo hayo hayamngojei mtu yeyote.

Ushauri wangu kwa kamati ni kwamba yaandikwe mapema yale ambayo mwenyekiti na kamati hawataamua, na achaguliwe rabi mmoja, hata kama yuko mbali, atakayeulizwa kwa simu au kwa barua. Awe mmoja, kwa sababu jumuiya zinazouliza marabi watatu ili zichague jibu tamu huishia kupata majibu matatu na ugomvi. Kwa upande wa sheria ya nchi, ikiwa mmesajiliwa kama chama, Msajili wa Vyama ana majina ya viongozi wenu na katiba yenu. Isomeni. Inawezekana kabisa kwamba katiba hiyo tayari ina mweka hazina, na kwamba tatizo lenu ni kuwa hajawahi kukabidhiwa kazi yake.

Binti Kilindini

Mimi ni Mwislamu, na nimesoma mjadala huu kwa sababu ninatunza hesabu za kikundi cha akina mama katika msikiti wetu. Kwetu pia imamu si kuhani, na mambo ya jengo na fedha huwa chini ya kamati, kwa hiyo nimeyaelewa mengi bila kufasiriwa. Ninauliza jambo moja tu ambalo hakuna aliyeligusa: katika hao "watu wazima 10", na katika kamati, wanawake wamo? Ndugu Katibu hajataja hata mwanamke mmoja katika maelezo yake yote.

Gabai Msaidizi

Dada, swali lako ni la haki, na jibu lina sehemu mbili zisizopaswa kuchanganywa. Waothodoksi huhesabu wanaume peke yao katika minyani, ilhali Wakonsavativu na wanamageuzi huhesabu wanawake na wanaume sawa. Hapo kila jumuiya hufuata mkondo wake na rabi wake wa kuulizwa. Lakini daftari la fedha si minyani. Hata katika masinagogi mengi ya Kiothodoksi wanawake huketi katika kamati ya uongozi, na wako wanaokuwa marais wa sinagogi. Kuna pia kazi ambayo haifanyiki bila wao, nayo ni ile ya chama cha mazishi: maiti ya mwanamke huoshwa na kuvishwa sanda na wanawake. Washiriki wa chama hicho hawalipwi, na jumuiya nyingi huwaheshimu kwa mfungo na karamu tarehe 7 ya mwezi wa Adari, siku inayokumbukwa kuwa ya kifo cha Musa. Kwa maoni yangu chama hicho ndicho kipimo halisi cha uongozi wa walei, maana anayehudumiwa hawezi kumshukuru mtu.

Katibu wa Nyanda za Juu

Nawashukuru nyote. Dada wa Kilindini amenigusa penye kidonda: wanawake wetu huosha maiti, hupika na hufundisha watoto alfabeti ya Kiebrania, lakini hakuna aliye katika kamati. Nimepekua katiba yetu baada ya kumsoma Wakili, na kweli, nafasi ya mweka hazina imo, na jina lililoandikwa ni la mtu aliyehamia mjini zamani.

Limebaki jambo moja. Mzee amejitolea shamba lake, ambapo sinagogi limejengwa, na aliwahi kutengwa na ndugu zake kwa ajili ya imani hii. Nikimpelekea kanuni za Misna mbele ya kikao ataona kwamba watoto aliowalea wamemgeuka. Nimwendeeje?

Mwalimu Mstaafu, Bungoma

Usimwendee kikaoni. Nenda nyumbani kwake jioni pamoja na mtu wa rika lake anayemwamini, mzungumze kwanza juu ya afya yake, kisha mfungue Kutoka 18, pale Yethro anapomwona Musa ameketi akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Yethro alikuwa mkwe, alikuwa mzee, na hakumwambia Musa kwamba ameshindwa kazi. Alimwambia kwamba atachoka, yeye na watu walio pamoja naye, na kwamba mambo makubwa yabaki kwake, madogo yabebwe na wengine. Musa akasikia. Mwombe mzee achague mwenyewe wawili wa kuwafundisha, na kati ya hao mmoja awe miongoni mwa vijana wanaomsumbua. Cheo cha mwenyekiti msikiguse sasa. Suala la shamba nalo lina uzito wake, na mtafuteni mwanasheria alitazame wakati mzee yu hai na ana nguvu, kwa sababu warithi wake huenda wasiwe na imani yake.

Gabai Msaidizi

Nakubali, nami naongeza la utekelezaji. Msiwape vijana Sabato asubuhi kwa kuanzia. Wapeni sala ya Sabato alasiri, ambayo ni fupi, huitwa watu 3 tu kwenye Torati, na husomwa mwanzo wa sehemu ya wiki inayofuata. Mistari hiyohiyo husomwa tena Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kwa hiyo mwanafunzi akijiandaa mara moja anapata nafasi tatu za kujizoeza, na mzee anaweza kusimama ubavuni mwake akimsahihisha. Kwa fedha, fungueni akaunti ya benki ya jumuiya yenye saini 2, na michango iingie huko moja kwa moja badala ya simu ya mtu. Mzee akiwa mmoja wa watia saini, na mwanamke mmoja akiwa mwingine, sidhani kwamba kamati itapata cha kupinga.

Katibu wa Nyanda za Juu

Tutakwenda kwake Jumapili, mimi na shemeji yake. Nitauliza pia kama mama anayefundisha watoto alfabeti atakubali kuwa mtia saini wa pili.